Kukauka, Kushika na Kufungamana: Istilahi za Kemia ya Polima kati ya Gereji na Kiti cha Daktari wa Meno

Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni tukio moja la kikemia na maneno yanayolizunguka. Tukio lenyewe ni lile la molekuli ndogondogo za aina ya vinili kuungana moja baada ya nyingine hadi kuwa mnyororo mrefu, zikianzishwa na chembe yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Wanakemia huliita upolimishaji kwa radikali huru. Katika vyuo vikuu vya Tanzania tukio hili hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo huonekana kuwa jambo lililo mbali na maisha ya wasemaji wa Kiswahili. Sivyo lilivyo. Hutokea kila siku katika gereji za Tandika na Keko, wilayani Temeke, fundi bodi anapochanganya puti ya kusawazisha mlango wa gari uliobonyea. Hutokea katika pwani ya Kunduchi na Msasani, wilayani Kinondoni, panapozibwa ufa wa boti ya faiba. Hutokea pia katika kliniki za meno za wilaya hizo mbili, daktari anapoziba gego kwa dawa nyeupe kisha akaimulika kwa taa ya bluu.

Kikemia hayo matatu ni jambo moja. Kilugha yametawanyika, kila moja na msamiati wake, na wakati mwingine hayana msamiati kabisa. Mhadhara huu unadai kwamba kazi ya kuunda istilahi za kemia kwa Kiswahili imejishughulisha mno na nomino za vitu na kuvisahau vitenzi vya michakato. Nomino za vitu zinaweza kukopwa bila hasara kubwa. Vitenzi visipoundwa kwa uangalifu, upungufu huo huwafikia watu wasiojua kwamba kuna mjadala wa istilahi, yaani fundi, mwanafunzi wake na mgonjwa aliyefunguliwa kinywa. Mfano utakaofuatwa hadi mwisho ni ule wa vinili zenye fosforasi, ambazo ni tawi dogo la kemia hiyo lakini ndilo linaloudai Kiswahili usahihi mkubwa zaidi.

Kazi iliyokwisha kufanywa

Historia ya usanifishaji inafahamika kwa wasomaji wa taaluma hii na haina haja ya kurudiwa kwa kirefu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Mrithi wake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kujulikana kama TUKI, kisha mwaka 2009 ikawa sehemu ya TATAKI. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Katika sayansi, matunda yanayotajwa zaidi ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na miaka miwili baadaye Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Zubeida Tumbo-Masabo na H. J. M. Mwansoko. Kabla ya hapo, mwaka 1987, Rajmund Ohly alikuwa ametoa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, kazi ambayo haijapewa heshima inayostahili, kwa kuwa iliutazama ufundi kama eneo la lugha lenye hadhi yake.

Kazi hizo zilifanywa kwa matumaini yaliyokuja kukatishwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango, lakini darasa la kemia la sekondari limebaki kwa kiasi kikubwa mahali pa Kiingereza. Kamusi iliyotungwa kwa ajili ya darasa ambalo halikufunguliwa haiwezi kulaumiwa kwa kukosa kupimwa darasani. Hata hivyo ina kasoro moja inayotokana na umbo lake lenyewe. Kamusi hupanga vidahizo kwa alfabeti. Neno la kianzio cha mmenyuko na neno la kizuizi cha mmenyuko huo huo huwa mbali kwa kurasa nyingi, na mtungaji anaweza kutafsiri kila moja peke yake bila kuona kwamba amevipa vitu viwili vinavyopingana jina moja. Athari ya jambo hili itaonekana katika chupa mbili zitakazotajwa baadaye.

Yaliyomo ndani ya puti

Puti ya magari inayouzwa katika makopo ni utomvu wa poliesta ulioyeyushwa ndani ya kimiminika kiitwacho stairini na kukandwa pamoja na unga laini wa mawe. Stairini ni vinili: ina atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa kifungo maradufu. Pamoja na kopo huja dawa ndogo katika mrija, mara nyingi nyekundu ili fundi aone kama imechanganyika sawasawa. Dawa hiyo ni peroksaidi ya benzoili. Kiasi kinachotakiwa ni kama asilimia 2 ya uzito wa puti.

Molekuli ya peroksaidi ina kifungo dhaifu kati ya atomi mbili za oksijeni. Kifungo hicho kinapokatika, kila nusu huondoka na elektroni moja isiyo na mwenzake. Nusu hiyo ndiyo radikali huru. Huikuta vinili, hukifungua kifungo chake maradufu, hujifunga upande mmoja na kuiacha elektroni pweke upande wa pili. Sasa vinili ile nayo imekuwa radikali. Huikuta jirani yake na kuitendea vivyo hivyo. Katika muda mfupi sana mamia na maelfu ya molekuli huwa zimejipanga mstari mmoja. Mnyororo hukoma pale ncha mbili zenye elektroni pweke zinapokutana, au ncha moja inapoipokonya molekuli nyingine atomi ya haidrojeni. Utomvu wa poliesta nao una vifungo maradufu katikati ya minyororo yake, kwa hiyo stairini huunganisha mnyororo na mnyororo mpaka kopo zima, tukisema bila kutia chumvi nyingi, huwa molekuli moja.

Katika aya hiyo maelezo ya kilichotokea yametegemea kwa sehemu kubwa mzizi mmoja wa Kiswahili, -fung-. Funga, jifunga, fungua, kifungo. Kinyume cha kitendo kimeonyeshwa kwa kiambishi -u-, bila neno jipya. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kinachobeba kazi hizo zote. Mwalimu wake hulazimika kuruka kutoka neno moja hadi jingine lisilo na nasaba nalo. Kiswahili kinaweza kwenda mbele zaidi. Kinayo fungama na fungamana, ambamo kiambishi -m- huonyesha hali ya kutulia katika mshikamano, hali isiyokuwamo katika fungana. Kila msomaji wa magazeti analijua neno hili kutokana na nchi zisizofungamana na upande wowote, ambazo mkutano wao wa kwanza ulifanyika Belgrade mwaka 1961. Siasa ililipa neno umaarufu. Kemia inaweza kulipa kazi yake halisi.

Hapa inafaa kutofautisha kuungana na kufungamana. Ndoo ya plastiki imetengenezwa kwa minyororo iliyoungana kwa urefu, lakini mnyororo haukufungwa kwa jirani yake. Ndiyo maana ndoo na madumu yaliyovunjika hukusanywa mitaani Mbagala na kwingineko, yakasagwa na kuyeyushwa upya. Puti iliyogeuka ngumu haiyeyuki tena kwa moto wowote, itaungua tu. Minyororo yake imefungamana. Mkusanyaji wa plastiki anaijua tofauti hiyo kwa mikono yake, kwa kuwa moja humpa fedha na nyingine huitupa. Lugha ya kitaalamu inampatia maneno mawili ambayo tayari anayo nyumbani.

Kukauka

Neno linalotumika zaidi kwa puti, gundi, faiba na dawa ya jino ni kukauka. Maana yake ya msingi ni kupoteza maji au unyevu: nguo hukauka, mto hukauka, koo hukauka. Kwa rangi iliyochanganywa na maji au na tina neno hili ni sahihi, kwa kuwa kilichokuwa kimiminika kimepaa hewani. Kwa vitu vingine ni upanuzi wa maana uliotokana na dalili ya nje: kilichokuwa laini sasa ni kigumu. Lugha zote hufanya hivyo na hakuna kosa la kisarufi katika kufanya hivyo.

Ila neno hubeba nadharia. Anayesema kitu kimekauka anadhani kuna kilichotoka. Ndani ya puti, sehemu kubwa ya kile kilichokuwamo haijatoka, kimeungana. Harufu kali inayosikika ni sehemu ndogo ya stairini inayopotea hewani, nayo ni mvuke usiofaa kuvutwa ndani ya banda lisilo na madirisha. Mwanafunzi wa ufundi anayeamini kwamba harufu ndiyo ukaukaji wenyewe ataiona kuwa dalili njema na hataikimbia. Uso wa puti ukibaki na unato ilhali ndani ni mgumu, atasema haijakauka vizuri, na safari ijayo ataongeza dawa nyekundu. Sababu halisi ni oksijeni ya hewa, ambayo hujibandika kwenye radikali na kuizima kabla haijaendelea. Kadiri kitu kinavyopata hewa ndivyo kinavyokauka haraka; kadiri puti inavyopata hewa ndivyo uso wake unavyochelewa kufungamana. Mambo hayo mawili yanakwenda kinyume, na jina lao ni moja. Kosa hujificha kwa sababu jua la Dar es Salaam husaidia pande zote mbili: huondoa maji kwenye nguo na huharakisha kukatika kwa peroksaidi.

Waashi wamelitatua tatizo kama hili bila kamati yoyote. Saruji nayo haikauki. Hula maji na kuyafanya sehemu ya mwili wake, na zege likikauka mapema huwa dhaifu. Kwa hiyo mwashi mzuri humwagilia zege maji siku kadhaa baada ya kulimwaga, na kwa tendo hilo analo neno: saruji hushika. Mtu akimwambia kwamba anamwagilia maji ili saruji ikauke, sentensi itachekesha. Akisema anamwagilia ili ishike, hakuna anayecheka. Istilahi sahihi ilizaliwa pale ambapo istilahi isiyo sahihi ingemfanya fundi aharibu kazi.

Yapo pia kuganda na kuiva. Kuganda hufaa kwa maziwa, damu na mafuta ya nazi wakati wa baridi, ila lina utata: mafuta yaliyoganda huyeyuka tena, damu haiyeyuki. Kuiva kuna sifa ya kutorudi nyuma, kwa kuwa hakuna tunda lililoiva likawa bichi, na huenda ndilo neno ambalo fundi angelipokea kwa urahisi zaidi. Lakini haliambii chochote kuhusu kuungana. Kwa mazungumzo ya gereji kuiva kunatosha. Kwa kitabu, kufungamana ndiko kunakostahili kupewa nafasi ya kwanza.

Chupa mbili

Anayetengeneza boti ya faiba hutumia utomvu wa poliesta kama ule wa puti, lakini dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kimiminika cheupe kama maji, peroksaidi ya methili-ethili-ketoni. Ya pili ni kimiminika cha zambarau chenye kobalti. Kobalti huifanya peroksaidi ikatike upesi hata bila joto. Utaratibu ni kuikoroga kobalti ndani ya utomvu mpaka ienee, ndipo itiwe peroksaidi. Dawa hizo mbili zikikutanishwa zenyewe kwa zenyewe huwaka au hulipuka. Peroksaidi ikiruka jichoni inaweza kulipofusha.

Kwenye chupa za madukani peroksaidi huandikwa kwa Kiingereza neno lenye maana ya kichocheo, na kobalti huandikwa neno lenye maana ya kitu kinachoharakisha. Kwa kipimo cha kemia hata Kiingereza hicho cha dukani kimekosea. Kichocheo, kwa maana yake sanifu, huongeza kasi ya mmenyuko na hubaki kama kilivyokuwa. Peroksaidi haibaki, vipande vyake huwa ncha za minyororo. Aliye karibu zaidi na sifa ya kichocheo ni kobalti. Sasa mfasiri wa Kiswahili anapofika hapo huwa na neno kichocheo mkononi, neno lenye kazi nyingi tayari, kwa kuwa katika biolojia hutumika hata kwa homoni. Kinachoharakisha mmenyuko, kwa akili ya kawaida, ni kichocheo. Kinachouanzisha nacho ni kichocheo. Akiwa mwaminifu kwa kamusi yake atafikia onyo lisemalo kwamba kichocheo kisichanganywe na kichocheo. Onyo la namna hiyo halimlindi mtu, na fundi mwenye akili timamu atalipuuza.

Hili ndilo tatizo la kutunga istilahi neno kwa neno. Vitu hivi ni wahusika wa tendo moja na hupaswa kupewa majina kwa pamoja, kwa kalibu moja ya ki- na -i. Kinachoanzisha radikali kiitwe kianzishi. Kinachoharakisha kukatika kwa kianzishi kiitwe kiharakishi. Anayependa kulinda uhusiano na mchapuko wa fizikia anaweza kusema kichapuzi, ingawa neno hilo halitafika mbali nje ya darasa. Kinachotiwa ndani ya kopo kiwandani ili vinili isiungane yenyewe kabla ya kuuzwa kiitwe kizuizi. Neno kichocheo libaki na maana yake kali na lisitumike hapa kabisa. Onyo sasa linasomeka: kianzishi na kiharakishi visikutanishwe peke yake. Kila aliyemaliza darasa la saba anaweza kulielewa, na majina yenyewe yanamwambia sababu.

Fosforasi mbili zinazokutana

Kutoka gereji hadi kliniki ya meno hatua si kubwa. Meno mengi ya bandia ya akriliki hutengenezwa kwa unga na kimiminika cha methakrileti, na kianzishi kinachokuwa ndani ya unga ni ileile peroksaidi ya benzoili ya puti. Dawa nyeupe ya kuziba jino nayo ni methakrileti, ila kianzishi chake husubiri mwanga. Mara nyingi ni kamforikwinoni, kitu cha manjano kinachomeza mwanga wa bluu. Jina lake limetoka katika kafuri, ileile inayojulikana katika pwani ya Waswahili kwa maziko. Watungaji wa istilahi wangeweza kabisa kuandika kafurikwinoni. Neno lilikuwapo bandarini kabla ya kemia ya Ulaya kulihitaji.

Dar es Salaam ina nafasi yake katika historia ya uzibaji wa meno. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Muhimbili, Jo Frencken na wenzake walijaribu njia ya kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kukerezea, na kuziba tundu kwa saruji inayojinatisha. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, na leo inatumika katika nchi nyingi. Saruji iliyotumiwa mwanzoni ilikuwa ya polikaboksileti, iliyobuniwa na D. C. Smith huko Manchester mwaka 1968. Kiungo chake kikuu ni asidi ya poliakriliki, ambayo ni vinili iliyokwisha kuunganishwa kwa radikali kiwandani. Kinywani hakuna radikali tena: ioni za zinki hupita kati ya minyororo na kuifunga. Kwa hiyo hata hapa minyororo hufungamana, lakini kwa kamba ya aina nyingine, na lugha inapaswa kuwa na uwezo wa kusema hivyo: kufungamana kwa ioni, kufungamana kwa kaboni.

Kwa nini saruji hiyo hunata kwenye jino? Gamba la nje la jino, kwa uzito, ni madini kwa takriban asilimia 96, na madini yenyewe ni haidroksiapataiti, yaani kalisi na fosfeti. Asidi za mnyororo hushika kalisi. Wanakemia walijiuliza kama fosforasi, ambayo ndiyo mwenzi wa asili wa kalisi ndani ya jino, isingeshika vizuri zaidi. Njia ya kwanza ilikuwa kuiweka fosforasi moja kwa moja kwenye vinili. Hiyo ndiyo asidi ya vinili-fosfoniki. Huungana kwa radikali, lakini polepole kuliko asidi ya akriliki, na minyororo yake huwa mifupi. Njia ya pili ilikuwa kuzitenganisha kazi mbili. Mwaka 1981 kampuni ya Kuraray ya Japani ilitengeneza molekuli yenye methakrileti kwenye ncha moja, kundi la fosfeti kwenye ncha nyingine, na kaboni 10 katikati. Ncha ya fosfeti hushika kalisi ya jino. Ncha ya methakrileti hubaki huru mpaka mwanga wa bluu uwashwe, ndipo iungane na minyororo ya dawa. Molekuli hiyo sasa imo katika gundi nyingi za meno duniani.

Hapo ndipo tahajia inapokuwa jambo la usahihi. Fosfoniki ina kaboni iliyofungwa moja kwa moja kwenye fosforasi. Katika fosfeti ya gundi kuna oksijeni katikati, na kifungo hicho maji huweza kukikata kadiri miaka inavyopita; kile cha kwanza ni sugu zaidi. Tofauti kati ya fosfeti, fosfiti na fosfonati katika Kiswahili iko katika irabu moja au silabi moja. Mkulima anayetumia mwamba wa fosfeti wa Minjingu hana haja na tofauti hiyo. Mfamasia na daktari wa meno wanayo. Maandishi yetu hata hivyo huandika mara fosfeti, mara fosfati, kana kwamba irabu ni mapambo. Mkopo wa nomino ni halali, kama ilivyodaiwa mwanzoni, kwa sharti kwamba anayekopa ahifadhi tofauti zilizokuwamo katika kile alichokikopa. Wanaopinga mikopo kwa hoja ya usafi wa lugha wanasahau kwamba majina haya hayana maana hata yatokako. Vinili limetoka katika neno la Kilatini la divai. Fosforasi ni Kigiriki cha mleta nuru, jina la nyota ya asubuhi, lililopewa kitu ambacho Hennig Brand alikipata Hamburg mwaka 1669 kwa kuchemsha mkojo. Radikali ni mzizi tu. Hakuna mwanakemia anayefikiri divai anaposema vinili. Usahihi wa neno uko katika mtandao wa maneno yanayolizunguka, na mtandao huo hushonwa kwa vitenzi.

Mbele ya mgonjwa

Daktari wa meno amesomeshwa kwa Kiingereza, na mgonjwa wa Temeke humweleza maumivu yake kwa Kiswahili. Katikati yao mara nyingi husimama sentensi moja: dawa inakaushwa kwa taa. Mgonjwa mwenye busara hutafsiri sentensi hiyo kwa uzoefu wake. Kinachokauka huhitaji muda, kwa hiyo ataogopa kula mpaka kesho. Pengine huko nyuma alizibwa kwa dawa ya fedha yenye zebaki, akaambiwa asitafunie upande huo kwa saa 24, na alifaa kutii. Matumizi ya zebaki yanapunguzwa tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na dawa nyeupe inazidi kushika nafasi yake. Maelekezo ya zamani yamehamia kwenye dawa mpya kwa sababu kitenzi ni kilekile.

Kuna jambo zito kuliko kula. Mwanga wa bluu haupenyi mbali, kwa hiyo dawa huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2 hivi na kila tabaka humulikwa peke yake. Ikirundikwa mara moja, juu itakuwa ngumu na chini itabaki laini. Kwa msamiati wa kukauka kosa hilo halionekani kuwa kosa, kwa kuwa kilichokauka juu kitakauka chini baadaye, kama tope. Kwa msamiati wa kufungamana jambo liko wazi: mahali ambapo mwanga haukufika kianzishi hakikuanza, na kungoja hakutasaidia. Tena dawa hiyo husinyaa kwa asilimia 2 au 3 hivi inapofungamana. Tope husinyaa kwa sababu maji yameondoka. Dawa husinyaa kwa sababu molekuli zilizokuwa jirani zimekuwa mwili mmoja na nafasi kati yao imepungua, na msinyao huo huweza kuacha upenyo kwenye ukingo wa jino. Mgonjwa anayelalamika kwamba jino linachoma kwa maji baridi baada ya kuzibwa huenda analalamikia upenyo huo, na anastahili jibu analoweza kulielewa.

Jibu hilo halihitaji semina. Muuguzi anaweza kusema: “Mama, dawa hii haikauki. Ukimulikwa taa inafungamana hapohapo, ila tunaimulika kidogokidogo ili ishike mpaka chini. Ganzi ikiisha unaweza kula.” Katika maneno hayo hakuna neno moja la kigeni, na hakuna neno moja la uongo.

Bado hatua moja ya mmenyuko haijapata jina linaloridhisha. Ni pale mnyororo unapopokonya atomi ya molekuli nyingine, ukakoma wenyewe na kuiachia molekuli hiyo jukumu la kuendelea. Vinili za fosfoniki hazieleweki bila hatua hii, kwa kuwa ni mojawapo ya sababu za minyororo yake kuwa mifupi. Uhawilishaji wa mnyororo ni neno linalopendekezwa na baadhi ya wafasiri, nalo linapotosha, kwa kuwa mnyororo hauhami. Kinachohama ni elektroni pweke, na mnyororo wa kwanza hubaki nyuma umekufa. Kurithisha kunakaribia zaidi: anayekufa amemwachia mwingine kile kilichomfanya awe hai. Urithishaji wa radikali, basi, ndio unaowekwa mbele ya wanaisimu na wanakemia wa Mlimani ili waukubali au waukatae, ikiwezekana baada ya kuusema kwa sauti mbele ya fundi mmoja wa faiba wa Kunduchi.